Uzinduzi wa Mafuriko ya Kidimbwini

Nchi yenyewe iko mbali, msiwe na wasiwasi. Inaitwa Jamhuri ya Mchakato, na ukiuliza njia ya kwenda utaambiwa subiri kidogo, njia iko kwenye mchakato. Huko ndiko mambo haya yalikotokea. Siyo kwetu. Kwetu, kama tunavyojua wote, mvua ikinyesha viongozi ndo wanakuwa wa kwanza kulowa.

Nchi hiyo ilikuwa na Sheria ya Maafa nzuri kuliko zote barani. Kurasa mia mbili kumi na nne. Iliandikwa kwa Kiingereza, ili maafa yasije yakajua yamepangiwa nini. Walioiandika walikaa wiki sita kwenye hoteli moja juu mlimani, mahali ambapo maji hayajafika tangu enzi za Nuhu, kwa sababu huwezi kufikiria mafuriko vizuri huku miguu imelowa.

Sasa, watu wa Mchakato wana desturi moja. Hawatumii kitu mpaka kizinduliwe. Kisima kikichimbwa, wananchi wanakaa pembeni na ndoo zao wanakitazama, mpaka mgeni rasmi aje akate utepe na kunywa glasi ya kwanza mbele ya kamera. Kuna wodi ya wazazi ilikaa miaka miwili imefungwa kwa kumsubiri mgeni, kinamama wanajifungulia nje kwenye benchi, wameegemea ukuta wa rangi mpya. Wenyewe hawaoni ajabu. Ajabu kwao ni mtu kunywa maji ya bomba ambalo halijapigiwa makofi.

Basi walipotunga sheria, na desturi wakaitia humo humo. Kifungu cha nne kinasema hivi: janga halitakuwa janga mpaka lizinduliwe na mgeni rasmi. Kabla ya hapo litaitwa hali ya hewa.

*

Wilaya ya Kidimbwini, kando ya mto Lumeza, alikuwepo mtunza stoo wa serikali anaitwa Hamduni. Mtu wa utaratibu mpaka unamwonea huruma. Panya akiingia stoo kwake, anaandikwa kwenye kitabu: tarehe, saa, kaingilia wapi. Kazi yake kubwa ilikuwa kutunza boti sita za uokoaji, za mpira, za rangi ya chungwa, zilizoletwa na wafadhili miaka mitatu nyuma. Zilikuwa bado kwenye nailoni. Mwaka wa kwanza mgeni rasmi alikuja, lakini mkasi ukasahaulika mkoani. Mwaka wa pili mkasi ukaja, mgeni akawa amefukuzwa kazi njiani, na jiwe la msingi lilikuwa na jina lake. Mwaka wa tatu walikuwa bado wanafuta jina.

Hamduni hakuwahi kupanda boti hizo. Ila kila Ijumaa alikuwa anatumbukiza injini moja moja kwenye pipa la maji, anaiwasha dakika tano, anasikiliza, anazima. Kitabu cha fundi kilisema hivyo. Angeambiwa na kitabu hicho aziimbie, angeziimbia.

Jumanne moja saa tatu asubuhi simu ikalia. Mkwewe, Bi Kalunde.

"Shikamoo mama."

"Shikamoo ya nini? Lete boti."

Hamduni akasimama. Mkewe Nyamizi alikuwa kwa mama yake kule Bondeni, kaenda kujifungulia kwao kama mila inavyotaka kwa mtoto wa kwanza. Mwezi wa tisa huo.

"Mama, maji yamefika wapi?"

"Yamefika hapa. Unataka niyapime?"

"Nyamizi yuko wapi?"

"Tuko naye juu ya bati la nyumba ya mashine ya kusaga. Bondeni nzima imebaki bati hili. Tuko watu thelathini na mmoja, na mbuzi mmoja ambaye anajiona na yeye ni mtu. Mwenyekiti wa kijiji yupo, anatuandikisha majina."

"Vizuri sana," alisema Hamduni, na alimaanisha. "Basi aandike muhtasari wa kikao cha dharura, agonge muhuri, aupeleke kata. Kata wataupeleka tarafa, tarafa wataleta huku wilayani..."

Upande wa pili yakasikika maji tu.

"Hamduni."

"Naam mama."

"Kata iko chini ya maji. Muhuri uko chini ya maji. Mtendaji wa kata yuko hapa kashika mguu wangu tangu jana, na sijui nimwambie nini mume wangu marehemu, baba yake Nyamizi, siku nikimfuata. Una boti ngapi humo stoo?"

"Sita mama. Ila hazijazinduliwa."

"Hazija nini?"

"Hazijazinduliwa. Mgeni rasmi..."

"Mwanangu nilikupa mimi bila kukata utepe!" Bi Kalunde alifoka mpaka mbuzi akasikika. "Ukamchukua siku hiyo hiyo, wala hukumsubiri mgeni! Leo boti ndo ina bikira?"

Simu ikakatika.

*

Hamduni alikimbia ofisini kwa Mratibu wa Maafa wa Wilaya, Bwana Eliufoo. Alimkuta anapanga fulana. Fulana mia tano nyeupe, kifuani zimeandikwa TUOKOANE, mgongoni picha ya waziri anatabasamu.

"Bosi, Bondeni kumezama. Watu wako juu ya bati."

"Tunazo taarifa," alisema Eliufoo bila kuinua kichwa. "Tangu wiki iliyopita. Watu wa hali ya hewa walituandikia barua kabisa."

"Sasa mbona wananchi hawakuambiwa?"

"Barua ilikuwa na muhuri wa SIRI. Ungetaka tuwatie watu hofu? Mtu akijua anazama anapaniki, akipaniki anazama."

"Na king'ora cha tahadhari, si kipo? Si kililetwa na boti?"

"Kipo, kinafanya kazi kila siku. Tumekifunga kwenye gari la Mkuu wa Wilaya." Akakunja fulana nyingine. "Wako wangapi hapo juu?"

"Thelathini na mmoja."

"Safi. Wazee wapo?"

"Wapo."

"Mjamzito?"

"Yupo mmoja. Ni mke wangu, bosi. Mwezi wa tisa."

Kwa mara ya kwanza Eliufoo akainua kichwa, na uso wake ukachanua kama wa mtu aliyeletewa supu. "Mwezi wa tisa! Hongera sana! Waziri atafurahi. Mjamzito akitoka vizuri kwenye picha, wafadhili hawalali. Sasa sikiliza. Mheshimiwa Waziri mwenyewe anakuja kesho saa nane mchana kuzindua mafuriko. Atakata utepe, boti zinatoka, anawaokoa kwa mkono wake. Wewe utaendesha boti yake. Umeona bahati hiyo?"

"Kesho mbali, bosi. Mke wangu hawezi kusubiri."

"Hamduni, acha ubinafsi. Taifa zima linasubiri. Mimi mwenyewe nasubiri kupandishwa cheo mwaka wa sita huu, umenisikia napiga kelele?"

Hamduni akajaribu kwa Mkuu wa Wilaya, Mheshimiwa Machenje. Alimsikia kabla hajamwona, maana king'ora kilikuwa kinakuja. Machenje alimsikiliza kupitia dirisha la gari, kioo kimeshushwa vidole viwili.

"Kamati yangu ya Maafa imekaa juzi," alisema Machenje. "Wajumbe kumi na wanne, akidi imetimia, tumejadili kwa kina. Tumeazimia maji yasiongezeke kabla ya saa nane kesho. Sasa wewe una wasiwasi gani?"

Kioo kikapanda. King'ora kikaenda kununua nyama choma.

*

Alfajiri ya Jumatano Bi Kalunde akapiga tena. Hakusema mengi, chaji ilikuwa inaisha.

"Uchungu umeanza."

Basi. Simu ikazima.

Hamduni alikaa kwenye kigoda chake mbele ya mlango wa stoo, funguo mkononi. Alifungua kitabu chake cha stoo, akaandika: *Boti namba moja. Inatoka. Sababu:* Hapo kalamu ikagoma. Alitafuta neno la kiserikali hakulipata. Mwishoni akaandika *mke wangu*, akapasua nailoni kwa meno.

Injini iliwaka mvuto wa kwanza. Ijumaa mia moja na hamsini za kwenye pipa hazikwenda bure.

Boti moja inabeba watu kumi. Alikwenda mara nne. Safari ya kwanza alimbeba Nyamizi, Bi Kalunde, wazee, na watoto wawili wachanga. Nyamizi alikuwa ameng'ata kanga, jasho linamtoka kama naye kanyeshewa.

"Umepata kibali?" alimwuliza mumewe, maana alimjua.

"Hapana."

Nyamizi alimtazama kama anamwona kwa mara ya kwanza. "Kumbe," alisema, akang'ata kanga tena.

Safari ya pili, ya tatu. Ya nne alimchukua mwenyekiti wa kijiji, aliyekataa kuingia mpaka amalize kuandikisha, na mbuzi. Ilipofika saa tatu asubuhi bati la mashine ya kusaga lilikuwa tupu. Hakuna aliyekufa. Wote walikuwa kwenye kibaraza cha stoo juu ya kilima cha wilaya, wanatetemeka, wanacheka ovyo ovyo kama walevi. Nyamizi alilazwa ndani, juu ya maboksi ya fulana za TUOKOANE, na kinamama wakamzunguka.

Ndo hapo Bwana Eliufoo alipofika na utepe wake begani.

"Hawa ni nani?" aliuliza.

"Waathirika, bosi."

"Waathirika wako juu ya bati. Hawa ni watu tu wamelowa." Kisha akaiona boti, ina tope, nailoni imechanika. Akakaa chini. "Hamduni. Umefanya nini? Waziri yuko njiani na helikopta. Yuko na waandishi. Anakuja kuokoa nani? Umemmalizia watu!"

Machenje naye akafika, king'ora kikizimwa kwa heshima ya msiba huo. Alizunguka kibaraza mikono nyuma, akawatazama watu wa Bondeni mmoja mmoja kama mtu aliyeuziwa unga wenye mchanga. Kisha akapanda juu ya tofali.

"Ndugu wananchi, poleni. Kijana wetu kafanya makosa, tutamshughulikia. Nyie hamna kosa, mlikuwa mmebebwa tu. Sasa naomba mrudi juu ya bati. Saa nane mnaokolewa tena, vizuri kabisa, na bendi ya shule."

Mzee mmoja akauliza, "Huko kutakuwa na chai?"

"Chai, blanketi, unga. Kwa waliookolewa kisheria. Huyu aliyewaleta nyie hana mamlaka, kwa hiyo kisheria bado mko kule kule. Siwezi kutoa blanketi hapa kwa mtu ambaye yuko juu ya bati."

Watu wakaanza kutazamana. Njaa ya siku mbili haina msimamo. Mwenyekiti wa kijiji akasema yeye kama kiongozi yuko tayari kuonyesha mfano. Wengine watatu wanne wakasimama, wanakung'uta nguo.

"Kaeni chini," alisema Bi Kalunde.

Hakupaza sauti. Alitoka mlangoni mwa stoo, mikono imelowa maji ya moto ya kumhudumia Nyamizi, akaenda mpaka mbele ya tofali.

"Mheshimiwa, bati lile mimi nimelilalia siku mbili. Lina misumari saba iliyotokeza, naijua kwa majina. Ukitaka nirudi, narudi. Ila tunaongozana, mimi na wewe, mkono kwa mkono kama maharusi."

Watu wakaangua kicheko. Machenje akashuka kwenye tofali. Alimvuta Hamduni pembeni, akasema polepole, na polepole hiyo ndo ilikuwa ya kuogopa: "Mkeo kwanza. Mjamzito lazima awepo, tumeshamtaja kwenye ratiba. Mrudishe mkeo juu, hawa wengine watafuata, na mimi nasahau kila kitu. Usipomrudisha, unaenda jela kwa kuhujumu maafa ya taifa."

Hamduni, aliyewahi kumwandikia barua ya onyo panya, alimtazama mkuu wake usoni.

"Nipeleke jela, mkuu."

*

Sijui ingekuwaje kama simu ya wizarani isingelia dakika hiyo. Machenje alipokea amesimama wima, kisigino kwa kisigino. Ndiyo mheshimiwa. Ndiyo mheshimiwa. Kisha akasikika anasema: "Ulaya?"

Alipokata simu alikuwa mtu mwingine. Akamwita Eliufoo, wakanong'ona. Habari zenyewe zilivuja kabla hajamaliza kunong'ona: wafadhili wameguswa sana, wanataka waathirika kumi na wanne wapelekwe Ulaya wiki mbili, hoteli, chakula, makoti ya baridi, wakatoe ushuhuda kwenye kongamano la dunia la kukabili majanga.

Kumi na wanne. Na Kamati ya Maafa ya Wilaya ina wajumbe wangapi? Mmesahau? Kumi na wanne. Mungu wa Mchakato anajua hesabu.

"Ndugu wananchi," alitangaza Machenje, sauti imelegea kwa huruma, "mmeteseka vya kutosha. Pumzikeni. Uongozi ni kujitolea. Leo Kamati yenyewe itapanda juu ya bati kwa niaba yenu."

Wakavua tai. Wakaazima kanga na mashati yaliyochanika kutoka kwa watu wale wale waliolowa, wao wakawaachia makoti wayashike vizuri yasikunjane. Bwana Eliufoo alijifunga kanga kichwani na kusukumia mto mdogo wa kochi tumboni, nafasi ya mjamzito isibaki wazi. Simu zao waliacha kwa dereva, maana mwathirika mwenye simu ya bei mbaya anaharibu picha.

Hamduni akaambiwa: ukitupeleka na ukanyamaza, jela hakuna. Akawapeleka, safari mbili. Walipanda wakicheka, wanapigana picha kwa maneno: wewe kaa hivi, wewe nyoosha mkono. Machenje alikaa katikati, kwenye msumari mmojawapo, akaruka.

Kisha boti ikaoshwa, ikafungwa nailoni mpya, ikazungushiwa utepe mwekundu mbele ya jukwaa.

*

Helikopta ilitua saa tisa na nusu. Mheshimiwa Daktari Bahoza, Waziri wa Maafa, Itifaki na Sherehe za Taifa, alishuka amevaa jaketi la kuokolea maisha juu ya suti. Bendi ikapiga. Kwaya ikaimba beti nane za kuyakaribisha mafuriko. Watu wa Bondeni walikaa kwenye viti vya plastiki, wamevalishwa fulana, wameambiwa wao ni "wananchi waliojitokeza".

Waziri akafungua hotuba. "Itifaki imezingatiwa," alisema, kisha akaizingatia upya kwa dakika ishirini, cheo kwa cheo. Ng'ambo ya maji, kama mita mia nne, kumi na wanne walikuwa wanapunga mikono kwa madaha.

Lakini jambo moja Kamati haikujua. Siku hiyo hiyo, juu kule kwenye bwawa la umeme la Lumeza, Wizara ya Umeme nayo ilikuwa na mgeni wake rasmi. Alikuja kuzindua milango mipya ya kufungulia maji. Saa kumi kasoro akakata utepe, makofi yakapigwa, na milango yote minane ikafunguliwa kwa mpigo mmoja ili ionekane vizuri kwenye televisheni.

Maji yalifika Kidimbwini yakiwa na magogo. Hamduni alikuwa amesimama kando ya boti, ndiye aliyeona kwanza. Mstari wa maji kwenye ukuta wa nyumba ya mashine ukapotea. Kisha ukuta ukapotea. Upande mmoja wa bati ukainama, na kumi na wanne wakakimbilia upande wa pili, nao ukainama.

Kule juu mikono ikaacha madaha. Mto wa kochi ukaonekana unaelea unaondoka zake.

"Angalieni!" Waziri aliinua macho kwenye karatasi. "Angalieni wananchi wangu wanavyonipungia!"

Makofi.

"Wanasema nini? Nasikia wanasema kitu."

"Wanasema 'tuokoeni', mheshimiwa," alisema afisa itifaki.

"Vizuri sana! Wameielewa kaulimbiu!"

Makofi tena, na kwaya ikaongeza ubeti. Hamduni akamsogelea afisa itifaki. "Ndugu yangu, wale wanazama."

"Kabisa. Wamefanya mazoezi, inaonekana."

"Wanazama kweli, nakwambia. Hotuba imefika wapi?"

"Ukurasa wa tisa."

"Kati ya ngapi?"

"Arobaini. Ila wa ishirini na tano ni picha."

Mtu akamgusa Hamduni begani. Bi Kalunde, anapumua kama katoka kulima.

"Wa kike," alisema. "Mzima. Mama yake mzima. Ana sauti kunishinda mimi."

Hamduni macho yakamjaa, akayafuta kwa mkono wenye grisi, akabaki na mchirizi mweusi shavuni. Bi Kalunde naye akageuka kutazama maji, akakunja uso.

"Wale si wanazama?"

"Wanazama, mama."

"Na yule waziri?"

"Ukurasa wa tisa."

Bi Kalunde alivuta pumzi. "Ningekuwa mimi, ningewaacha wazisikilize kurasa zote arobaini. Ndo maana sikupewa boti." Akarudi stoo kwa mjukuu wake, hakutazama nyuma.

Mtu aliyepata mtoto dakika hiyo hiyo ni mjinga wa furaha. Dunia nzima anaiona ndugu yake. Hamduni akasukuma boti, utepe ukamnasa kifuani, ukavutika, ukavutika, ukakatika. Waziri alikuwa ndo kwanza anasema, "Nguzo yetu ya tatu ni subira," mkasi wa dhahabu uko kwenye mto mwekundu mbele yake, na injini ikammeza sauti.

Alibeba kumi wa kwanza. Walimwita baba, walimwita malaika, mjumbe mmoja alimbusu mkono. Alirudi kuchukua wanne. Bati lilikuwa limebaki ubao mmoja, na juu ya ubao huo wajumbe wawili wameng'ang'ania ncha, Machenje amemkumbatia Eliufoo, maji yako kifuani. Hamduni akanyoosha mkono. Machenje akautazama mkono, akatazama jukwaa kule mbali.

"Utepe umekatwa?" aliuliza, meno yanagongana.

"Umekatwa, mkuu."

"Na nani?"

"Panda, mkuu!"

Akapanda.

Walipofika nchi kavu Waziri alikuwa amesimama na mkasi mkononi, hana cha kukata, na kamera zote zimegeuka kumtazama Hamduni. Machenje alitapika maji kidogo, akajifuta na kanga, akanyoosha kidole.

"Mkamateni huyu."

*

Kesi ilisikilizwa wiki tano baadaye. Mafuriko hayakuzinduliwa, kwa hiyo kwenye vitabu vya serikali siku ile iliandikwa: mvua za wastani. Ulaya hakwenda mtu. Waziri alihamishiwa Wizara ya Ukame.

Mashtaka yalikuwa matatu. La kwanza, kuokoa watu kabla ya wakati, safari sita. Zile safari mbili za kuwapeleka wajumbe juu ya bati hazikuwemo. Mwendesha mashtaka alieleza kuwa kumpeleka mtu kwenye hatari hakukatazwi na kifungu chochote. La pili, kumdanganya kiongozi kuhusu hali ya utepe. La tatu, kuongeza idadi ya waathirika bila kibali, maana fomu ilisema waliokuwa juu ya bati ni thelathini na mmoja, na stoo wakahesabiwa thelathini na wawili. Huyo wa thelathini na mbili alikuwepo mahakamani, ananyonya.

Mashahidi wa serikali walikuwa kumi na wanne. Walipita mmoja mmoja, wamevaa suti.

"Siku hiyo ulikuwa unazama?" hakimu alimwuliza Eliufoo.

"Nilikuwa nazama kwa utaratibu, mheshimiwa. Mshtakiwa akaniingilia."

"Uliomba msaada?"

"Nilitaja kaulimbiu tu."

Machenje alisema yeye binafsi hana kinyongo, ila sheria isipofuatwa, kesho kila mwananchi atakuwa anajiokoa anavyotaka, na nchi itakwenda wapi? Bi Kalunde alicheka kwa nguvu huko nyuma, akatolewa nje. Alisikika anaendelea kuchekea koridoni.

Hakimu akavua miwani. Hakuwa mtu mbaya; alikuwa na wageni nyumbani na alitaka kumaliza.

"Mshtakiwa, umesikia yote. Mahakama inaweza kukuonea huruma kama unajuta. Unajuta?"

Hamduni alimtazama Nyamizi, na mtoto. Kisha akaitazama ile benchi ya mashahidi, wajumbe kumi na wanne wamekaa bega kwa bega, wakavu, wameshiba, wazima wa afya.

"Najuta, mheshimiwa."

"Safi. Unajutia safari zote sita?"

"Hapana, mheshimiwa. Mbili za mwisho."